Upande wa Mashine na Upande wa Gitaa

Mume wangu alirudi kutoka vitani Uganda na blanketi la jeshi, redio-kaseti yenye mkono uliovunjika, na kanda moja isiyo na maandishi yoyote. Yeye mwenyewe simtaji kwanza, kwa sababu miezi ile ya mwanzo sikuwa na hakika kama amerudi.

Alikuwa mgambo wa kijiji chetu cha Ujamaa, upande wa Nyabusozi. Mgambo walipochukuliwa kwenda vitani nilikuwa na mimba changa ambayo sijamwambia mtu. Mtoto akazaliwa, akakaa, akatambaa, akaota meno, baba bado yuko huko. Na katika ukoo wa mume wangu, ambao ni Wahangaza waliotoka Ngara, jina la mtoto hutoka kinywani mwa baba. Si kwa mama, si kwa bibi. Baba akiwa safarini, mtoto anasubiri. Baba akiwa amekufa, mdogo wake ndiye anayetoa jina, na akishalitoa amekuwa baba wa mtoto huyo, na mama wa mtoto anahamia kwake pamoja na vyungu.

Kwa hiyo binti yangu hakuwa na jina. Kliniki waliandika "Mtoto wa" wakaweka jina langu. Mimi nilimwita Mama, kama tunavyowaita watoto wa kike tukiwabembeleza. Na kwa kuwa mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, wenzangu kisimani waliniita Mama Nani.

"Mama Nani, sogeza ndoo yako!"

"Mama Nani, leo kwenu mmepika nini?"

Mara ya kwanza nilicheka nao. Baadaye mmoja nilimmwagia maji, na sijutii hata leo.

Basi vita vikaisha, mume akarudi, mwenyekiti wa kijiji akahutubia mpaka jua likageuka. Kesho yake nilimweka mtoto mapajani mwa baba yake nikasema, "Mpe jina." Akamtazama kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa abiria mwingine.

"Kesho," akasema. "Acha kwanza nimzoee."

Akamkumbatia kidogo. Alikuwa anajaribu, niliona. Lakini asubuhi iliyofuata ikaja ringi.

Kijijini tuliitwa kwenye shamba la pamoja kwa ringi ya lori iliyoning'inizwa mbele ya ofisi. Mwenyekiti aliigonga kwa nondo, na aliigonga kama mtu anayefukuza nyani: ghafla, ovyo, kwa nguvu zake zote, kisha anapumzika, kisha anaanza tena pale unapodhani kamaliza. Mimi nilikuwa nje nawasha moto. Nilisikia ringi, nikasikia kishindo ndani, nikasikia mtoto analia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Nikaingia mbio. Mume wangu alikuwa chini, uso kwenye vumbi, mikono kichwani. Mtoto alikuwa pembeni, uji umemwagika.

Tangu siku hiyo hakumgusa tena. Akimwona anatambaa kumfuata, anainuka anatoka. Nikimwuliza habari ya jina, anasema, "Bado." Bado, bado. Nililichukia neno hilo kama mtu anavyochukia harufu fulani.

Kazi yake ikawa kukaa nyuma ya nyumba na ile redio-kaseti. Alisema aliipata Masaka, huko Uganda, kwa kubadilishana na saa yake, na kanda aliikuta humo humo ndani. Niwaeleze ilivyokuwa, maana watu wengi wakisikia "kanda ya Ulaya" wanadhani ni nyimbo za kucheza mmekumbatiana.

Upande mmoja ulikuwa ni kelele za mashine. Sidharau, ndivyo ilivyokuwa. Kitu kama mashine ya kusaga inawashwa, halafu chuma kinagonga chuma, halafu mtu anasoma maneno ya Kiingereza kwa sauti ya mtangazaji aliyechoka, halafu mluzi mrefu kama redio inayotafuta stesheni. Hakuna kiitikio. Hakuna mpenzi aliyekwenda zake. Chini ya yote hayo kuna pigo moja tu, du, du, du, halichoki wala halibadiliki.

Upande wa pili ulikuwa na watu. Gitaa la besi linatangulia mbele kana kwamba ndilo mwimbaji, gitaa jingine linakwaruza kama kijiko kwenye ukoko, na juu yake msichana anaimba. Hapana, anagomba. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikuwa cha kujibia mtihani, lakini nilishika kwamba kuna mtu anaambiwa aache kumpangia mwenzake maisha. Nikampenda hapo hapo. Dansi tulilolizoea redioni, bendi nzima imejipanga na matarumbeta yake, mwimbaji anamlilia mwanamke mpaka wewe msikilizaji unamsamehe. Huyu msichana hakuomba msamaha wa mtu. Aliimba vibaya, na alijua, na aliendelea.

Mume wangu alitaka mashine. Mimi nilitaka gitaa. Na betri zilikuwa shida. Miaka hiyo sabuni tu ilikuwa shida, nguo tulifulia majani ya mpapai. Betri tulizipata Lusahunga kwa madereva wa malori yaendayo mpakani Rusumo, nao walitaka kuku. Zikichoka tulizianika juani juu ya jiwe zipate uhai kidogo. Kwa hiyo kila aliyesikiliza upande wake alikuwa anakula betri za mwenzake.

"Geuza," ninasema.

"Haijaisha."

"Itaishaje na haina mwanzo?"

"Ngoja."

"Ningoje nini? Kuna kitu kinakuja humo? Wanasaga mahindi ya nani hao muda wote huu?"

Anasogeza sikio karibu zaidi. Mama mkwe alikuwa akipita na jembe begani, anasimama, anasikiliza, anatikisa kichwa. "Hiyo ledio inaumwa," anasema. "Ona inavyokohoa. Mngeipeleka zahanati."

Hakuwa mtu mbaya, mama mkwe wangu. Niliishi naye miezi yote ya vita, alinipikia uji nilipojifungua. Lakini siku moja tukipepeta maharage alisema bila kunitazama, "Maharage yakishaingia ndani, nitamwita mdogo wake aje kutoka Ngara. Nitachuja pombe ya ndizi. Mtoto apate jina."

"Baba yake si huyo hapo nyuma ya nyumba?"

"Yupo, mwanangu. Lakini yupo?"

"Mama, shemeji akitoa jina, mume wangu mnamwandika marehemu. Na mimi mnanifunga kitenge mnanipeleka Ngara."

"Nani kasema Ngara? Mtoto atakwenda shule aitwe 'wewe'? Kama una njia nyingine niambie."

Nilitupa ungo nikaondoka. Nilikasirika njia nzima mpaka kisimani, nikakasirika nikichota, nikakasirika nikirudi. Niliwakasirikia walioanzisha vita, mwenyekiti na hotuba yake, mume wangu, na yule msichana wa kwenye kanda kwa kuwa yeye alikuwa na gitaa la kugombea na mimi nilikuwa na ndoo.

Wiki hizo alikuwepo kijijini kijana Mwingereza aliyekuja kufunga pampu ya kisima. Kwa kuwa nilisoma sekondari, niliteuliwa kuwa mkalimani, yaani nifanye kazi ya kijiji na ya mzungu kwa wakati mmoja. Siku hiyo alikuja nyumbani kuuliza kama tuna waya. Akasikia kanda nyuma ya nyumba. Akasimama na spana mkononi.

"Hii," akasema kwa Kiswahili chake, "hii ni ya nyumbani kwangu!"

"Kwenu mnaishi ndani ya mashine ya kusaga?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza, Kiswahili kikimwishia anaingia Kiingereza. Alisema mji wao ni wa viwanda vya chuma. Mtoto analala anasikia nyundo kubwa za kiwandani kama sisi tunavyosikia vyura. Sasa viwanda vinafungwa, vijana hawana kazi, wakachukua sauti ile ile iliyowalea na iliyowaumiza baba zao wakaifanya muziki. Wanagonga mabomba, wanarekodi mitambo, wanakata kanda kwa wembe na kuziunganisha upya. Wanauita muziki wa viwanda.

"Wanalilia viwanda vinavyofungwa," nikamwambia. "Sisi hatujapata hata kimoja cha kufunga. Mashine yetu ya kusaga iliharibika tangu masika."

"Ndiyo," akasema, akaona haya kidogo. Nikamwonea huruma, nikamwambia aendelee.

Upande wa gitaa ulikuwa na habari nyingine. Kwanza, alisema, palikuwa na panki. Siku hizi watu wanadhani panki ni mkato wa nywele, lakini wakati ule ulikuwa muziki wa vijana wasiojua kupiga gitaa walioamua kwamba kutojua si sababu ya kunyamaza. Walipiga mbio mbio, kwa makelele, wakavunja mlango. Lakini baada ya muda mfupi panki nayo ikawa sare, kila mtu anapiga vilevile. Basi wengine wakabaki na ule ujeuri wa kutoomba ruhusa, wakaacha mbio. Wakapunguza. Wakaacha nafasi kati ya sauti na sauti, besi ikapata pa kutembea. Hao ndio waliokuja baada ya panki, na msichana wangu ni mmoja wao.

"Kwa hiyo ni maadui," nikasema. "Hawa wa mashine na hawa wa gitaa."

"Hapana! Ndugu." Akachora chini kwa spana mistari inayotoka sehemu moja. Wote, alisema, walipita mlango ule uliovunjwa na panki. Wote walisikiliza Wajerumani fulani waliopiga pigo moja bila kubadilisha, kama gari kwenye barabara ndefu. Wote walikaa mitaa ya jirani na Wajamaika, wakajifunza kwao kuuvua wimbo nguo zote mpaka ibaki besi, ngoma na mwangwi.

Nikafikiri. "Basi tofauti ni hii," nikamwambia. "Wa mashine wanakuingiza ndani ya mashine, ukae humo ujue ilivyo. Wa gitaa wamesimama mbele ya mashine wanaitukana."

Akanitazama. Akasema hajawahi kusikia mtu akieleza hivyo. Nikamwambia pia juu ya Warundi wanaoishi karibu na Kaniha, wanaopiga inanga, ule ubao wenye nyuzi, huku wakinong'ona badala ya kuimba, mpaka hujui sauti inatoka kwenye uzi au kwenye koo, na wimbo unarudi palepale, palepale, nawe hutaki uishe. Alitaka kuyaandika yote. Nikamwambia amalize pampu kwanza, watu wana kiu.

Jioni, jua bado lipo, nilimpelekea mume wangu viazi huko nyuma. Mtoto nilikuwa nimembeba mgongoni, nikamshusha mbali na baba yake, akachukua beseni tupu na mwiko. Nikamsimulia yote: kiwanda, nyundo, wembe, ndugu.

Akaacha kutafuna. "Kwa hiyo wanatengeneza makusudi?"

"Makusudi."

"Kila kelele wameiweka wenyewe pale ilipo?"

"Ndivyo alivyosema."

Kisha akaongea, na maneno hayo yalikuwa mengi kuliko yote aliyosema tangu arudi. "Nilijua. Kule mbele kelele hujui inatoka wapi wala inakuja saa ngapi. Ukiisikia umechelewa. Hii hapa inakuja, lakini najua inakuja. Chuma kitagonga, nakisubiri, kinagonga, hakuna aliyekufa. Nakisubiri tena." Akainua bega. "Wewe unasema haina mwanzo. Ndiyo maana naipenda. Haianzi ghafla."

Nikamsogezea viazi. Kisha nikasema, "Sasa geuza, ni zamu yangu."

Akageuza bila ubishi. Lakini betri zilikuwa taabani. Kanda ilianza kutembea kwa kujikokota, na msichana wangu, maskini, sauti ikamshuka ikawa ya mwanamume mzee, gitaa likageuka chuma kinachoburuzwa, na chini yake, pole pole, du... du... du...

Mume wangu akainua kichwa. "Umenidanganya? Huu si upande wa mashine?"

"Umegeuza mwenyewe!"

"Mbona ni uleule?"

Tukaitoa kanda, tukaitazama kama watu wanaokagua mbegu. Tukaurudisha upande wa mashine. Du... du... du... Tukageuza tena. Pigo lilelile, mwendo uleule, kama mtu mmoja amevua koti akavaa shati.

"Ndugu kweli hawa," akasema. "Mama mmoja! Wanagombana bure!" Akaanza kucheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anapocheka anafunga jicho moja.

Hapo ndipo mtoto akapiga beseni. Kwa! Mume wangu akashtuka mwili mzima, mkono ukaenda kichwani. Nikasimama nimnyang'anye mwiko.

"Mwache," akasema.

Kanda ikaenda du. Mtoto, ambaye alikuwa amefurahi kusikia baba anacheka, akapiga tena, kwa! Na tena. Hakuwa fundi, wakati mwingine anawahi, wakati mwingine anachelewa, lakini alikuwa anaifuata kanda, na mume wangu alikuwa anamsubiri. Niliona anavyosubiri. Jasho linamtoka na midomo inahesabu.

Betri zikafa.

"Asubuhi ile ya ringi," akasema, "nilikuwa nimempakata. Nilijitupa chini naye. Alikuwa chini yangu. Wewe uliingia nimeshamsukuma pembeni. Uzito huu wote juu yake." Akaonyesha kifua chake. "Siwezi kumpa jina mtoto ambaye nitamuua asubuhi moja kwa sababu mtu kagonga chuma."

Nilimshika mkono, na hatukuwa watu wa kushikana mikono mchana. Mtoto akaja akausukuma mkono wangu aweke wa kwake.

Asubuhi nilikwenda ofisini kabla mwenyekiti hajafungua.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Mama Nani, mbona mapema?"

"Nimekuja kukufundisha kugonga ringi."

Akacheka. Nikamweleza habari za mume wangu, zote, bila kupamba. Akasema ringi ni ya kijiji kizima, haiwezi kupangwa kwa ajili ya nyumba moja, na kwamba waliokwenda vitani ni wengi na hawalalamiki. Nikamwambia hawalalamiki kwa sababu wamelala chini ya vitanda, hebu apite nyumba kwa nyumba akainame aangalie. Nikachukua nondo mkononi mwake. Nikaanza kwa kuigusa tu ringi, kidogo, hata kuku hawakugeuka. Kisha nikaongeza, mwendo uleule. Kisha nikaongeza. Du, du, du, bila kukimbia wala kupumzika, mpaka ikasikika ng'ambo ya bonde.

Watu wakaanza kutoka na majembe. "Leo kuna ngoma?" mmoja akauliza.

"Mnataka dansi sasa?" mwenyekiti akaniambia, lakini alikuwa ananyoosha mkono apewe nondo ajaribu. Alijaribu. Hakuwa mbaya. Alikuwa na aibu ya mtu aliyegundua kwamba anapenda.

Mume wangu alianza kusimama mlangoni kila asubuhi ringi ikilia, mikono mitupu. Kisha akawa amepakata mtungi wa maji kifuani. Maji yalimwagika, siku nyingine mengi, siku nyingine machache. Mimi nilifagia nikajifanya sioni.

Maharage yakaingia ndani. Shemeji akaja kutoka Ngara usiku uliotangulia, kijana mpole, macho chini kama ndiye anayeolewa. Asubuhi mama mkwe alikuwa ameshaandaa mtungi wa pombe na mirija, tumekaa uani, mtoto katikati ya mkeka. Shemeji akakohoa.

"Kaka yuko wapi?"

Kaka alitoka ndani. Akapita katikati yetu, akainama akamchukua mtoto, akamweka kifuani. Ringi ikaanza.

Ikaanza chini kabisa, kidogo, kisha ikapanda. Midomo yake ilihesabu, niliiona. Mama mkwe akashika kanga yake kwa meno. Mtoto akapiga bega la baba yake kwa kiganja, du, du, akifuata, na yeye akasimama. Ringi ikafika juu kabisa, ikakaa huko, ikashuka, ikaisha. Alikuwa amelowa jasho kama mtu aliyetoka mtoni, na alikuwa amesimama.

"Mdogo wangu," akasema, "kunywa pombe. Jina ninalo."

"Afadhali, kaka," shemeji akasema. "Mimi sikuwa nalo. Nimewaza njia nzima."

Kwao baba humwambia mtoto kwanza, sikioni. Akaweka mdomo pale, akanong'ona, na mtoto akaacha kila kitu akasikiliza, mdomo wazi. Akanong'ona tena. Mimi niliyembeba, nikamzaa, nikamfulia kwa majani ya mpapai, nimekaa mkekani sisikii chochote.

"Sema kwa sauti!" nikafoka. "Na sisi tupo!"

Akageuka, jicho moja limefumbwa, akalisema.